Haraka za Mjomba Kapya

Lubumbashi, 4 Februari 1976

Mjomba wangu Kapya,

Salamu zetu zikufikie ungali mzima. Sisi huku Katuba hatujambo. Mguu wa Mama umepoa na amerudi shambani, ingawa tulimkataza. Mdogo wangu Mumba anaendelea na masomo yake chuoni Kasapa, na akija Jumapili anakula chakula cha watu watatu. Paa la jikoni linavuja palepale ulipolitengeneza wewe.

Nakuandikia kwa mambo mawili, na kwa kuwa nakufahamu, naanza na lile utakalolijibu.

Tangu reli ya Angola ifungwe mwaka jana, ofisi yetu ya usafirishaji inapitisha shaba kwenu Zambia. Teleksi zote za Kiingereza naletewa mimi mpiga taipu, kwa sababu siku moja nilijisifu kwamba mjomba wangu ni mwalimu wa Kiingereza huko Ndola. Sasa kuna Mwingereza mmoja wa mabehewa. Neno "haraka" halijui. Wiki iliyopita ameandika kwamba mabehewa yatafika katika mitikisiko miwili ya mkia wa mwanakondoo. Citoyen mkurugenzi (siku hizi huku hakuna bwana, sote ni citoyen, yaani raia) alinitazama, akaniuliza: "Kondoo ya nani? Siye tunatumaka shaba, hapana kondoo." Juzi tena akaandika kwamba tutayapata kabla hatujasema Jack Robinson. Mjomba, tumesema. Ofisi nzima imelisema jina hilo siku tatu, hata mlinzi wa mlangoni analijua, na mabehewa hayajafika. Nieleze maana yake na lilikotoka, maana mkurugenzi anafikiri ninabuni.

La pili unalijua. Watu wa Jeannot walileta kitambaa cheupe tangu Novemba. Bangili imo ndani, fundo limefungwa, na kwetu fundo hilo halifungui mtu ila ndugu wa kiume wa mama. Si Mama mwenyewe, wala si mimi ninayeolewa. Kitambaa kiko juu ya kabati, karibu na redio, na weupe wake umeanza kuwa kijivu. Jeannot ni fundi umeme wa kampuni ya shaba. Mwisho wa Juni anahamishiwa Kolwezi, na kama fundo litakuwa bado limefungwa, atakwenda peke yake. Njoo ulifungue. Ni safari ya siku moja tu kwa treni.

Mpwa wako,
Kunda


Ndola, 12 Februari 1976

Mpwa wangu Kunda,

Barua yako ameniletea leo asubuhi jirani yenu Mzee Abibu, pamoja na marobota yake ya vitenge, nami nakujibu kabla hajamaliza chai. Sisi tu wazima. Mke wangu Nkandu anakohoa kidogo, lakini bado ananigombeza kama kawaida, ndipo najua hana hatari. Kuku wangu wawili wamemezwa na nyoka. Mwambie dada yangu aache shamba, ingawa najua hataacha.

Sasa swali lako, ambalo limenifurahisha mno. Wapwa wa wenzangu huandika kuomba viatu.

Tuanze na mwanakondoo. Wewe umezaliwa mjini, hujamwona akinyonya. Mkia wake hautulii, unakwenda upesi kuliko jicho linavyoweza kuufuata. Kwa hiyo mitikisiko miwili ni muda mdogo kabisa, kama sisi tusemavyo kufumba na kufumbua. Waingereza wana kondoo wengi na mvua nyingi, sijui wangetazama kitu gani kingine. Usemi wenyewe si wa kale, ni wa siku za babu zao tu, na ulianza kwa mzaha.

Jack Robinson ni mgumu zaidi, na mwalimu asiyekubali kwamba hajui anakula mshahara bure. Mtu huyo hajulikani. Jina lake liko vinywani mwao yapata miaka mia mbili, na hakuna awezaye kuonyesha kaburi lake. Wako wanaosema alikuwa bwana asiyetulia: alipiga hodi kwa jirani, mtumishi akaingia ndani kumtangaza, na aliporudi akakuta mgeni ameshakwenda zake. Wengine wanasema alikuwa mkuu wa ngome ya London, mahali ambapo vichwa vya watu vilikatwa upesi. Mimi nampenda yule wa kwanza. Wageni kama yeye tunao hata sisi, hasa siku ya salongo, watu wakiitwa kulima barabara ya serikali.

Mjibu Mwingereza wako hivi: mwanakondoo ameshakua, ameshachinjwa na kuliwa, na mkia wake bado tunaungoja.

Karatasi imeisha. Lile la pili nimelisikia. Nitakuja upesi.

Mjomba wako,
Kapya


Lubumbashi, 1 Machi 1976

Mjomba,

Hujambo, na wa nyumbani kwako hawajambo? Pole kwa kuku. Sisi tu wazima, isipokuwa mahindi ambayo mvua imeyalaza.

Barua yako ilikuwa kurasa nne. Kondoo alipata ukurasa mzima. Ndoa yangu ilipata mstari mmoja, nao umeubana pembeni kama mtu aliyekosa kiti.

Jibu lako nilimtumia Mwingereza. Amecheka kwa teleksi, sikujua kama inawezekana, na mabehewa yakafika siku ya pili yake. Citoyen mkurugenzi sasa ananiita Mama Kondoo mbele ya wateja. Kwa hiyo maneno yako yana nguvu kwa mabehewa. Kwa wajomba bado sijaona.

Mama ameniambia nisikuandikie kwa hasira. Nimemwambia hii si hasira, ni kalenda. Kila nikifuta vumbi kwenye kabati nainua kile kitambaa, nafuta chini yake, nakirudisha. Nimechoka kukifutia vumbi kitu ambacho siruhusiwi kukifungua.

Najua bila swali sitapata jibu, kwa hiyo shika hili. Mwingereza anasema yuko tayari kutuletea mabehewa mengine "kofia inapodondoka", na mwisho wa kila teleksi anaandika chop-chop. Kofia ya nani, na inadondoka wapi?

Ukimaliza hayo, niandikie tarehe. Tarehe ni namba na jina la mwezi.

Kunda


Ndola, 10 Machi 1976

Mpwa wangu mwenye ulimi,

Tumesalimika. Nkandu amepona kikohozi na amenunua kuku wengine, nami nimejenga banda jipya kwa mikono yangu. Usiseme kitu juu ya paa la jikoni.

Kofia ni jambo rahisi. Zamani watu walipotaka kushindana mbio, au kupigana ngumi, mtu mmoja aliinua kofia juu kisha akaiachia. Ilipogusa ardhi, wakaanza. Kwa hiyo anayefanya jambo kofia inapodondoka ni mtu asiyehitaji kubembelezwa, anangoja ishara tu. Wanabishana kama ulianzia Ireland au Marekani. Waache wabishane, kofia zao wenyewe.

Ama chop-chop, si ya Waingereza hata kidogo. Mabaharia waliiokota katika bandari za China, kwa watu wa Canton, wakarudi nayo kwao kama mtu arudivyo na viroboto. Kisha wakatuletea sisi. Nilipokuwa kijana nikibeba mizigo stesheni, bwana mmoja wa reli aliniambia chop-chop tangu asubuhi mpaka jioni, naye ameketi. Tangu siku hiyo nimeona kwamba wanaohimiza haraka aghalabu wameketi.

Tarehe ni hii: Jumatatu ya Pasaka, 19 Aprili. Waambie watu wa Jeannot. Nataka kumtazama huyo kijana machoni.

Na hiyo Kolwezi, hivi kampuni haina kazi mahali pengine? Likasi ni karibu, na kuna hewa nzuri. Muulize.

Kapya


Lubumbashi, 20 Aprili 1976

Mjomba,

Tu wazima. Leo salamu ni hizo tu.

Jana walikuja wanane. Walivaa vizuri. Mzee wao, ambaye ni baba mkubwa wa Jeannot, alivua kofia yake akaiweka juu ya goti, nami nikaitazama kofia ile tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Mumba alikwenda stesheni kukupokea. Alirudi peke yake. Akaenda tena kuuliza kama kuna treni nyingine, akarudi tena peke yake. Mama alikuwa amechinja kuku wawili, nao wakapoa mezani kwa sababu mgeni haanzi kula kabla mwenyeji hajafika.

Saa kumi mzee aliinuka. "Mama Chola," alimwambia Mama, "hii hapana makosa yenu. Lakini fundo nayo inazeekaka, sawa muntu." Akavaa kofia. Mlangoni akasema watarudi mara moja tu, Jumamosi ya tarehe 12 Juni, na wakikuta bado fundo limefungwa wataondoka na kitambaa chao. Jeannot alinitazama, akawafuata wazee wake nje.

Mama hakukulaumu. Aliosha sahani ambazo hakuna aliyezilia, moja moja. Mimi nakulaumu. Unajua asili ya haraka za watu wote, za China, za Ireland, za London, ila haraka yako mwenyewe sijui imezaliwa lini. Waswahili wanasema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Utanikuta na mimi si wa mtu.

Sikuulizi tena habari za teleksi. Nakuuliza swali moja la mwisho, na hili ni langu. Hao Waingereza wako huandika nini juu ya barua ili mtu akiipokea ainuke?

Kunda


Ndola, 29 Aprili 1976

Mpwa wangu,

Nimesoma barua yako mara tatu. Sina la kujitetea.

Nilifika stesheni. Muulize Nkandu, yeye ndiye aliyenibebea begi. Tiketi ilikuwa mfukoni. Treni ilikuja, ikasimama, ikaondoka, nami nimesimama palepale. Usiniulize zaidi ya hapo. Mwombe dada yangu anisamehe, nami nitamwomba mwenyewe nikimwona.

Umeniuliza swali, nalo nitalijibu, maana kujibu maswali ndicho kitu ninachokiweza. Miaka mia nne iliyopita, barua za mfalme wa Uingereza zilibebwa na wapanda farasi, kituo kwa kituo. Barua ikiwa ya hatari, mwandishi aliandika juu yake: Haraka, posta, haraka, kwa uhai wako. Wengine walichora na mti wa kunyongea, kamba na mtu akining'inia, ili mbebaji ajue kitakachompata akilala njiani. Mpaka leo Waingereza wakisema jambo limefanywa kwa haraka ya posta, neno ni lilelile, ingawa farasi wamekufa na kamba imeoza.

Hiyo ndiyo asili yake. Ni mambo ya kale tu, mwanangu.

Kolwezi ni mbali sana, Kunda.

Kapya


Lubumbashi, 10 Mei 1976

Mjomba,

Sisi wazima.

Umeiona bahasha? Nimeichora kwa wino mwekundu wa ofisi. Mti, kamba, mtu. Nimemwekea na kofia, inadondoka. Chini yake nimeandika kwa taipu, herufi kubwa: HARAKA, POSTA, HARAKA, KWA UHAI WAKO. Mzee Abibu anaondoka leo, nimemwambia asiikunje.

Tarehe 12 Juni. Inuka.

Kunda


Lubumbashi, 24 Mei 1976

Mjomba,

Tuko hai. Barua hii Angélique, mwenzangu wa ofisini, ameifunga kiunoni ndani ya kitenge. Ukishaisoma ichome.

Ile ya tarehe 10 haikukufikia. Mpakani walipekua marobota ya Mzee Abibu, wakakuta bahasha yenye mtu anayening'inia. Wewe uko Ndola, huenda umesahau. Hapa kwetu huchori kamba shingoni mwa mtu ukaandika chini yake kwamba ifanyike haraka. Mimi ninayeishi hapa nilisahau pia, nilikuwa na hasira, kichwa kimejaa kondoo na kofia. Abibu walimweka siku mbili. Aliwaambia, "Mi niko nauzisha bitenge, hapana bantu ba kutundikwa!" Mzee wa watu, hajawahi hata kugombana na mnunuzi. Sasa akinikuta njiani anavuka upande wa pili, na ana haki.

Kisha nikaitwa mimi, kwenye ofisi moja ya mjini ambayo siitaji. Citoyen mwenye abacost, lile koti la serikali lisilovaliwa tai, na beji ya chama aliweka bahasha yangu mezani.

"Huyu muntu munatundika, iko nani?"

"Iko posta, citoyen."

"Posta?"

"Ni mambo ya Bangereza ba zamani. Muntu ya posta akichelewesha barua, banamutundika."

Alifikiri kidogo. "Basi siye hapa tungebakia bantu ngapi?"

Nilitaka kucheka. Yeye hakucheka.

"Nani alikufundisha hii?"

"Muyomba wangu. Iko mwalimu kule Ndola."

"Akuye hapa. Yeye mwenyewe, na kinywa yake. Mbele ya tarehe tano ya mwezi wa sita. Kama hakuye, njo tutajua hakuna muyomba, na mambo yako itakuwa ingine."

Amebaki na karte yangu ya kitambulisho. Bila karte sina kazi, sipandi treni, na hiyo Kolwezi nitaisikia redioni. Mama halali. Anasema usije, wasikukamate na wewe. Mimi nasema njoo. Nimekusema sana mwaka huu, Mjomba, na yote niliyasema kutoka moyoni, lakini leo naogopa.

Kunda


Kolwezi, 18 Julai 1976

Mjomba wangu,

Pokea salamu kutoka nyumba ya vyumba viwili, bomba la maji uani, na majirani ambao tayari wanajua kila kitu. Jeannot anakusalimu kwa heshima zote. Amepanda mihogo nyuma ya nyumba, na kila jioni anaikagua kama mita ya umeme. Mama ameandika kwamba paa limeacha kuvuja, sijui ulilifanyia nini safari hii.

Bado watu wananisimulia habari za siku ile, na mimi nilikuwepo. Ulifika tarehe 27 Mei, Angélique mwenyewe akiwa bado hajarudi kutuambia kwamba amekupata. Viatu vyako havikuwa pea moja. Kesho yake nikaketi pembeni yako mbele ya yule citoyen, nawe ukaanza kueleza. Ulianza na farasi wa mfalme. Ukaenda kwa mwanakondoo, ukamuuliza citoyen kama amewahi kumtazama akinyonya. Ulipofika kwa Jack Robinson alitazama saa yake. Ulipofika kwa Wachina alivua miwani. Ulipoinuka, ukavua kofia yako na kuidondosha sakafuni ili aone kwa macho, alipiga meza: "Mwalimu, inatosha! Kamata karte ya mutoto, muende! Mbio!" Nawe, Mungu anisamehe, ukamuuliza kama anajua lilikotoka neno "mbio". Nilikuvuta shati mpaka kifungo kikatoka.

Mwaka mzima nimechoka kwa maelezo yako, na ndiyo yaliyonitoa pale. Nimekubali. Usinikumbushe.

Lakini kuna jambo nimelibeba mpaka huku. Tarehe 12, ulipowekewa kitambaa mapajani, ulikawia. Mzee wao alikohoa mara mbili. Ulinishika mkono, ukaniuliza mbele ya wote kama ninataka kweli, nikasema nataka, ukaniuliza tena. Ukamuuliza Jeannot jina la mama yake na la bibi yake. Kisha ukaanza kufungua, na machozi yakawa yanadondokea kitambaa. Kila mtu alijifanya anatazama redio, nayo ilikuwa imezimwa.

Ulilia nini, Mjomba? Na kwa nini treni ya Pasaka ilikuacha? Safari hii sina swali la Kiingereza la kukuvutia. Ni hilo tu.

Mpwa wako,
Kunda


Ndola, 2 Agosti 1976

Mpwa wangu Kunda,

Tu wazima, kuku pia. Sasa nikujibu.

Ni dada yako Clotilde. Ulikuwa mtoto, sijui unakumbuka kiasi gani, na nyumbani kwenu jina lake tumeacha kulitaja. Watu walipoleta kitambaa chake, nilikuja kwa siku moja, nikitaka kurudi na treni ya jioni. Fundo lake nililifungua wageni hawajakaa vizuri. Mzee wao alikuwa bado anavua kofia. Kijana sikumuuliza kitu. Clotilde mwenyewe sikumuuliza. Watu wakanisifu, wakasema huyu si mjomba wa maringo. Clotilde na mumewe wakaenda huko uliko wewe sasa, Kolwezi.

Mwaka 1968 akaniandikia. "Mjomba, mume wangu ameondoka, mimi ni mgonjwa, njoo." Hakuandika zaidi. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Nilimjibu siku ileile kwamba nakuja haraka, na neno "haraka" nikalipigia mstari. Nilifika siku ya kumi na tisa, ameshazikwa siku nne. Jirani alinionyesha barua yangu. Ilikuwa imefika kabla yangu, na Clotilde aliiweka chini ya mto.

Kwake nilikimbia pale pa kungoja, nikangoja pale pa kukimbia. Sijawahi kumwambia mtu, hata Nkandu. Yeye anadhani daftari langu la maneno ya haraka ni la darasani. Nilianza kuliandika mwaka ule ule, sijui kwa nini. Huenda nilikuwa natafuta neno ambalo ningemwandikia na likatosha.

Ulipotaja Kolwezi, vidole viligoma kuandika. Siku ya Pasaka ikagoma miguu. Nilijua unateseka, Kunda, na nilijua ni mimi ninayekutesa, na bado sikuweza kupanda. Lakini ulipoandika kwamba unaogopa, sikuirudia barua mara ya pili. Nilimwacha Angélique mlangoni na chai yake.

Basi nisikilize. Siku ukinihitaji, usichore kitu. Usinieleze sababu, wala usiniulize habari za kondoo ili nikujibu. Andika "njoo". Mimi sitajibu, nitapanda treni.

Mjomba wako,
Kapya


Kolwezi, 3 Septemba 1977

Mjomba,

Njoo.

Kunda


Lubumbashi, stesheni, 9 Septemba 1977

Mpwa wangu Kunda,

Barua yako nimeipata jana saa tano asubuhi, darasani, nikiwa katikati ya somo. Nimeliacha darasa na chaki mkononi. Chaki hiyo ninayo mfukoni hapa. Nimefika Lubumbashi leo, na treni yenu inaondoka baada ya saa moja, nami nakuandikia kwa sababu nisipoandika nitazunguka stesheni hii kama kichaa.

Nimepita Katuba. Mlango umefungwa. Majirani wanasema dada yangu aliondoka wiki iliyopita kwenda kwako, hawajui sababu, na sasa naogopa kuliko nilivyokuwa naogopa mpakani. Machi, redio iliposema vita vimeingia upande wenu, nilikaa miezi mitatu na begi mlangoni, hukuniita. Umeniita sasa. Sijui ni kifo, ni ugonjwa, au ni Jeannot. Sikuuliza, kama nilivyokuahidi, lakini ni kazi ngumu kutouliza. Ungeweza kuongeza neno moja tu, mtoto wewe.

Barua hii naitia sanduku la posta hapahapa. Itakufikia mimi nikiwa nimeshaketi kwako siku nyingi. Ikifika nisomee kwa sauti, nataka kusikia jinsi nilivyokuwa mjinga.

Kapya


Chini ya barua hiyo, kwa mwandiko wa Kunda:

Imefika siku kumi na moja baada ya mwenyewe. Nimemsomea kwa sauti, kama alivyoagiza, amempakata binti yangu mchanga. Kwenye karatasi za serikali, zisizokubali majina ya Kizungu, jina la mtoto ni Chola, la bibi yake. Hapa nyumbani ni Clotilde. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, mtoto amemshika kidole. Kisha akasema kwamba mstari wa tatu una koma isiyohitajika, nimpe kalamu aifute.